Jua Ndani ya Sanduku: Joto na Mwanga Vimfaavyo Mjusi Mwenye Ndevu

Wasomaji wetu wa Kivu na Katanga wanamjua vema yule mjusi wa kichwa cha buluu akaaye juu ya miti na kuta za mawe. Asubuhi hatoki upesi. Hungoja mpaka jua lipande, kisha hujilaza penye mwanga, mwili ameutandaza, kichwa amekiinua. Jua likizidi ukali, huzunguka upande wa kivuli. Mchana kutwa huenda na kurudi hivyo hivyo, mara juani, mara kivulini, kana kwamba amebeba kipimajoto ndani ya mwili wake. Watu wengi humwogopa bila sababu, wachache humtazama. Lakini yeyote aliyemtazama siku moja tu amekwisha kujifunza nusu ya mambo tutakayoyaeleza hapa.

Mjusi huyo ana ndugu wa ukoo mmoja katika bara la Australia, aitwaye mjusi mwenye ndevu. Jina lake la Kilatini ni Pogona vitticeps, na mtaalamu Mjerumani Ernst Ahl ndiye aliyemwandika kwanza, mwaka 1926. Makao yake ni nchi kavu za ndani ya Australia, penye vichaka, miti michache na nguzo za nyua anazozipanda ili aote jua. Akikomaa hufikia urefu wa sentimita 45 hata 60, na sehemu kubwa ya urefu huo ni mkia. Chini ya koo ana ngozi yenye miiba. Akikasirika huivimbisha na kuigeuza nyeusi, ikawa kama ndevu za mzee. Hata hivyo ni mnyama mpole. Hula wadudu na majani, hukubali kushikwa, na akitunzwa vema huweza kuishi miaka 10 au zaidi.

Kwa sababu ya upole huo amependwa sana na watu wa Ulaya na Amerika, na siku hizi hufugwa katika nyumba nyingi za huko. Australia haikubali wanyama wake wa porini wauzwe nchi za nje kwa biashara. Wale walioko Ulaya huzaliwa huko huko mikononi mwa watu, kizazi baada ya kizazi. Nasi tunao jamaa wengi waliohamia Ubelgiji, Ufaransa na Kanada. Watoto wao humwona mjusi huyu dukani au nyumbani kwa wenzao wa shule, wakarudi kwa wazazi na ombi.

Mzazi akikubali, hukuta rafu za duka zimejaa taa nyekundu, taa za buluu, taa nyeupe, mawe yapatayo moto kwa umeme, na mikeka ya joto. Vingine vyafaa, vingine ni bure, vingine ni hatari. Achague vipi? Tunapenda kumsaidia. Kwani mtu amfungaye mnyama wa jua ndani ya sanduku amejitwika kazi ya jua lenyewe. Akiifanya kazi hiyo nusu nusu, mnyama atadhoofika polepole mbele ya macho ya watoto, au nyumba nzima itaingia katika hatari ya moto.

JUA HUTOA VITU VIWILI

Mtu, mbwa na kuku hutengeneza joto lao wenyewe kwa chakula wanachokula. Mjusi sivyo. Mwili wake huwa baridi au moto kadiri ya mahali alipo. Pasipo joto misuli yake huwa mizito, chakula hukaa tumboni bila kusagwa, na maradhi humshinda upesi. Mwaka 1975 wataalamu wa Marekani walitangaza jaribio walilolifanya juu ya mjusi mwingine, yule wa jangwa la kwao. Waliwatia mijusi vijidudu vya ugonjwa, kisha wakawaweka katika vyumba vya joto mbalimbali. Waliokaa penye joto kali wengi walipona. Waliokaa penye joto dogo wengi walikufa. Kumbe mjusi mgonjwa akienda juani anajitafutia homa yake, na homa hiyo humsaidia kupona. Aliyenyimwa mahali pa joto amenyimwa na dawa.

Hicho ndicho kitu cha kwanza: joto. Cha pili hakionekani kwa macho yetu. Katika nuru ya jua mna miali ambayo wataalamu huiita kwa herufi UVB. Miali hiyo ikipiga ngozi, huanzisha kazi ya kutengeneza vitamini D3, na joto la mwili huikamilisha kazi hiyo. Nayo vitamini hiyo ndiyo inayoruhusu kalsiamu ya chakula ipite tumboni na kuingia mifupani. Watoto wetu pia huhitaji jua kwa sababu iyo hiyo: aliyekosa vitamini hii kwa muda mrefu mifupa yake hulainika, na miguu hupata matege.

Kwa mjusi mwenye ndevu ubaya huo huja upesi, hasa akiwa mdogo. Taya hulainika, miguu hupinda, vidole hutetemeka, na mwishoni mifupa huvunjika hata kwa kuruka kidogo. Daktari wa wanyama huweza kuuzuia ugonjwa usiendelee, lakini mfupa uliokwisha kupinda mara nyingi haunyooki tena. Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Basi, mzazi, shika neno hili kabla ya mengine yote: taa iletayo joto siyo lazima iwe na UVB, na taa iletayo UVB siyo lazima iwe na joto la kutosha. Mara nyingi zatakiwa taa mbili, zikimulika mahali pamoja, kama jua lifanyavyo.

UPANDE WA JUA NA UPANDE WA KIVULI

Mama aleaye vifaranga kwa taa ajua namna ya kusoma joto bila kitabu. Vifaranga wakisongamana chini ya taa, wana baridi. Wakikimbilia pembeni, joto limezidi. Wana nafasi ya kusogea, na kwa kusogea wanasema. Mjusi naye apewe nafasi hiyo. Sanduku lake, akiwa mkubwa, lisipungue urefu wa sentimita 120, upana wa 60 na kimo cha 60. Katika sanduku dogo joto hujaa pote, na mnyama hana mahali pa kukimbilia.

Taa ya joto iwekwe upande mmoja tu, juu, wala isiwe katikati. Chini yake liwekwe jiwe bapa au gogo, ndipo mahali pake pa kuota. Uso wa jiwe hilo ufikie digrii 40 au 42. Upande wa pili wa sanduku ubaki na digrii 22 hata 26, tena uwe na pango dogo la kujifichia. Hapo mjusi atakwenda na kurudi, kama yule wa kichwa cha buluu ukutani.

Taa ifaayo zaidi kwa joto la mchana ni balbu nyeupe ya halojeni, ile imulikayo mbele kama tochi. Hutoa nuru na joto kwa pamoja kutoka juu, na mjusi huyu kwa asili yake hulitafuta joto penye nuru. Taa za LED, ambazo siku hizi zimejaa nyumbani kwa kuwa hula umeme kidogo, ni nzuri kwa kuangaza, bali hazifai kwa kazi hii, kwani joto lake ni dogo.

Ni wati ngapi basi? Hakuna hesabu moja kwa kila nyumba. Chumba cha Brussels wakati wa baridi si sawa na chumba cha Marseille wakati wa joto. Anza na balbu ndogo, pima, kisha uongeze kama haitoshi. Usipime kwa kiganja cha mkono. Nunua vipimajoto viwili vyenye waya na ncha ya kupimia, kimoja kwa kila upande, na ukiweza, kile kipimacho uso wa jiwe kwa kuelekezwa tu. Vile vya mshale vinavyobandikwa ukutani mara nyingi hudanganya.

Mtu asidhani kwamba digrii chache ni jambo dogo kwa mnyama huyu. Mwaka 2007 wataalamu wa Australia walionyesha kwamba mayai yake yakiatamiwa kwa joto lililozidi kiasi, mijusi waliopaswa kwa uzazi kuwa madume huzaliwa majike. Mwaka 2015 wakathibitisha kwamba mambo hayo hutokea hata porini. Joto ligeuzalo dume kuwa jike yaiani si kitu cha kukisia.

MIALI ISIYOONEKANA

Kwa UVB, taa ifaayo ni mrija mrefu wa namna iitwayo T5, ulioandikwa asilimia 10 au 12. Urefu wake ufikie nusu hata theluthi mbili za urefu wa sanduku, nao uanzie upande wa joto, ili mjusi aotapo jua apate miali na joto kwa pamoja. Uwekwe juu ya kichwa chake, usiwekwe ubavuni, kwani nyusi zake humkinga na mwanga utokao juu, lakini hazimkingi na ule umpigao machoni kutoka kando.

Umbali kati ya taa na mgongo wa mjusi mara nyingi huwa sentimita 30 hata 45, lakini soma maagizo ya mtengenezaji, maana taa hazilingani. Wavu uliopo katikati huzuia sehemu kubwa ya miali. Ukiwapo, umbali hupunguzwa. Mwaka 2010 Gary Ferguson na wenzake waliandika jinsi walivyopima miali ambayo mijusi na nyoka huichagua wenyewe porini, wakawagawa katika makundi manne, tangu wapendao kivuli hata wapendao jua kali. Mjusi mwenye ndevu huhesabiwa pamoja na wapendao jua. Aliye na kipimo cha miali ahakikishe kwamba mahali pa kuota panaonyesha 3 hata 5, na upande wa kivuli hapana kitu.

Kuna makosa matatu yanayorudiwa sana. La kwanza ni kuweka sanduku karibu na dirisha na kusema, «Jua linaingia.» Nuru huingia, ni kweli, lakini kioo cha dirisha huzuia UVB karibu yote. Tena sanduku la kioo likipigwa na jua hugeuka tanuru, na mnyama aweza kufa kwa saa moja. La pili ni kuitumia taa ya UVB mpaka izimike. Mrija huendelea kuangaza ingawa miali yake imekwisha kufifia. Ubadilishwe kila baada ya miezi 12, au upimwe. Andika tarehe juu yake siku unapouweka. La tatu ni kununua taa isiyojulikana kwa kuwa bei yake ni ndogo. Katika miaka ya 2000 baadhi ya taa fupi zilizojipinda ziligunduliwa kutoa miali mikali mno, zikawaumiza wanyama macho. Mjusi akifumba macho mchana au yakivimba baada ya kuwekewa taa mpya, izimeni mara moja, mkamwone daktari.

Na wakati wa joto, kama sheria ya mahali na hali ya hewa zaruhusu, mtoeni nje juani katika tundu la wavu lenye kivuli upande mmoja, naye mtu mzima akikaa karibu. Hakuna taa ishindayo jua lenyewe.

VITU VYA KUKATAA

Likataeni jiwe la umeme. Laonekana zuri, lakini mjusi huyu amezoea joto litokalo juu; tumbo lake halimwonyi mapema kwamba linaungua. Wengi wamepata vidonda vikubwa juu ya mawe hayo huku wametulia kana kwamba hawasikii kitu.

Zikataeni pia taa nyekundu na za buluu za usiku. Muuzaji husema kwamba mjusi hazioni. Sivyo: huona rangi vizuri, tena juu ya kichwa chake lipo doa dogo, kama jicho la tatu, litambualo mchana na usiku. Apate saa 12 hata 14 za mwanga kila siku wakati wa kiangazi cha Ulaya, na karibu saa 10 wakati wa baridi. Kisha giza kamili. Swichi ya saa, iwashayo na kuzima yenyewe, hufanya kazi hiyo bila kusahau.

Usiku hahitaji joto kubwa, kwani jangwani kwao pia usiku huwa baridi. Nyumba isiposhuka chini ya digrii 18, zima taa zote. Ikishuka zaidi, tumia kipasha joto cha kauri, kile kisichotoa mwanga. Lakini kijue vema: uso wake huwa moto sana, wala hakionyeshi kwa nuru kwamba kinawaka.

MOTO USITOKE SANDUKUNI

Watu husema ajali haina kinga. Katika jambo hili kinga ipo, na aliyeidharau asiilaumu ajali. Kikosi cha zimamoto cha London kimekwisha kuwaonya wafugao kobe na mijusi juu ya taa za joto, kwani taa iangukayo juu ya majani makavu au mbao huwasha nyumba. Tena taa hizo huwaka mchana, wakati wazazi wako kazini na watoto shuleni.

Kila chombo cha joto kiungwe na themostati, yaani chombo kikatacho au kupunguza umeme joto likifikia kiasi. Balbu yataka themostati ipunguzayo mwanga polepole; kipasha joto cha kauri chataka ile ya mapigo. Mrija wa UVB usiungwe nayo kamwe. Wake ni swichi ya saa tu. Ncha ya themostati ifungwe imara mahali pake. Ikidondoka upande wa baridi, chombo kitadhani sanduku zima lina baridi, nacho kitazidisha joto bila kukoma.

Mdomo wa kushikia taa uwe wa kauri, usiwe wa plastiki, nao uvumilie wati za balbu iliyotiwa. Taa isitegemee kibanio peke yake; ifungwe kwa mnyororo au kwa skrubu. Taa iliyo ndani ya sanduku izungushiwe kikapu cha wavu, ili mjusi asiiguse akipanda. Pazia, karatasi na nguo zikae mbali. Waya uning'inie chini ya tundu la umeme kabla ya kupanda tena kuingia humo, ili maji yakitiririka yadondoke sakafuni. Usiunganishe vyombo vingi katika waya mmoja wa nyongeza. Mtoto asiguse taa kabla mtu mzima hajaikata umeme na kuiacha ipoe. Na katika chumba hicho kiwepo kengele ya moshi, ijaribiwe kila mwezi.

Umeme ukikatika, msiwe na haraka. Mjusi aliye mzima huvumilia baridi kidogo kwa saa kadhaa. Mkitaka kulifunika sanduku kwa blanketi, chomoeni kwanza nyaya zote. Kwani umeme ukirudi usiku na blanketi iko juu ya taa, mmejiwashia moto wenyewe.

NENO KWA WAZAZI

Kwa kawaida mtoto huona mjusi. Mzazi aone sanduku, taa mbili, themostati, vipimajoto, mrija mpya kila mwaka na umeme wa kila siku kwa miaka 10. Mara nyingi vyombo hivi vyapita mbali bei ya mnyama mwenyewe. Kama fedha za vyombo hazipo, heri kumwambia mtoto «bado» kuliko kumletea mnyama atakayeteseka. Na kama zipo, nunueni vyombo kwanza. Viwasheni siku tatu, pimeni asubuhi, mchana na usiku, andikeni hesabu katika daftari. Joto likitulia, ndipo mjusi aletwe.

Daftari hilo akabidhiwe mtoto. Kila asubuhi kabla ya shule asome vipimajoto, aandike, amtazame mnyama: ametandaza mwili juu ya jiwe? Amekula? Macho yako wazi? Akikaa kutwa kucha upande wa baridi, au akiachama kinywa bila kuondoka upande wa joto, mtoto amwambie mzazi. Kwa njia hiyo atajifunza kwamba kupenda mnyama si kumshika tu na kumwonyesha wageni.

Nanyi mnaosoma haya Bukavu, Kalemie au Lubumbashi, msiende kumkamata yule wa kichwa cha buluu mumtie sandukuni. Yeye ana kila kitu alichonunuliwa ndugu yake wa Ulaya kwa fedha nyingi: jiwe la moto, kivuli cha mwembe, na miali ya bure tangu asubuhi hata jioni. Waambieni watoto wasimpige mawe. Wakae wamtazame anavyohama kutoka juani kwenda kivulini, halafu wawaandikie binamu zao wa Ulaya waliyoyaona.